Supu ya Nazi ya Wathai, Sufuria la Nakapanya

Tuondoe hofu kwanza. Supu ya nazi ya Wathai, ile wanayoiita tom kha gai, haihitaji mpishi wa hoteli wala jiko la ajabu. Ina kuku, tui la nazi, mchaichai, uyoga, ndimu, pilipili, majani ya mti wa jamii ya mndimu, na mzizi mmoja ulio ndugu wa tangawizi. Soma tena orodha hiyo taratibu. Ukiuondoa huo mzizi, hakuna kitu hapo ambacho mtu wa Nakapanya hajawahi kukishika. Mchaichai umejiotea kwenye kona ya ua na hatuukumbuki mpaka majani ya chai yaishe. Ndimu na pilipili tunazikuta mezani kila asubuhi pale mtu anapoagiza supu na chapati. Nazi huja na magari kutoka Lindi na Mtwara, maana tuko kwenye barabara kuu itokayo Songea kwenda Masasi, na kila kitu cha pwani lazima kipite mlangoni kwetu kabla hakijafika Tunduru mjini. Kinachotushinda ni zamu tu: nini kiingie sufuriani lini, na nini kisubiri.

Halafu Wathai wenyewe si wageni kwetu kiasi hicho. Katikati ya miaka ya 1990, madini ya vito yalipovumbuka wilayani Tunduru, hasa kwenye mchanga na kokoto za Mto Muhuwesi na vijito vyake, wanunuzi kutoka Thailand na Sri Lanka walipiga kambi Tunduru mjini. Wachimbaji wadogo walileta yakuti, spineli na aleksandrite zimefungwa kwenye vipande vya karatasi, mnunuzi akalivika jicho lake kioo cha kukuzia, akatikisa kichwa, akataja bei ya kusikitisha. Mawe yakasafiri hadi Chanthaburi, mji wa Thailand unaosifika kwa kazi ya kukata na kuuza vito. Mwaka 1998 Ilakaka ya Madagascar ikavuma kwa yakuti zake, na wanunuzi wengi wakafungasha. Sisi tukabaki na mashimo. Kwa hiyo ukipika supu hii usijione unaiga mtu. Unadai deni.

Vipimo ni vya watu wanne wenye njaa ya kawaida. Kama miongoni mwao yumo kijana aliyetoka kupalilia mikorosho, hesabu watano.

1. Nazi ianze kabla ya kila kitu.

Chukua nazi mbili zilizokomaa. Zitikise sikioni: isiyo na maji ndani mrudishie muuzaji bila aibu. Kagua na macho matatu ya nazi. Likiwa moja limelowa au lina ukungu, ndani kumeshaharibika. Kaa juu ya mbuzi, kuna kwa kuzungusha, na mkono uwe mwepesi ukikaribia kifuu, maana yale maganda ya kahawia yakiingia kwenye tui utapata supu ya rangi ya matope. Supu hii inatakiwa iwe nyeupe.

Mimina kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu kwenye nazi iliyokunwa, fikicha kwa mikono, kamua, chuja. Hilo ndilo tui zito. Liweke kando, lifunike, na uwaambie watoto kwamba si maziwa. Kisha ongeza vikombe vitatu vya maji kwenye machicha yaleyale, fikicha tena, kamua: tui jepesi. Msichana wa pwani anafundishwa mambo haya kabla hajafikia urefu wa kinu, na hapa ndipo tunapomzidi mtu wa Bangkok anayefungua kopo. Kosa la wengi ni kuyachanganya matui mawili tangu mwanzo, eti yote ni nazi. Tui jepesi linachemsha nyama. Tui zito linakuja mwishoni kama mgeni rasmi, baada ya kazi kwisha.

2. Kopo si dhambi, lakini soma karatasi yake.

Kama mgongo hauruhusu kukuna, tumia tui la kopo au la pakiti. Geuza kopo uangalie lilikotoka: mengi yanayouzwa duniani yametengenezwa Thailand. Yaani nazi imevuka Bahari ya Hindi kuja kutafuta minazi ya Mtwara. Kusini mwa Thailand wapo wakulima wanaofundisha kima kupanda mnazi na kuangua nazi, jambo ambalo watetezi wa wanyama huko ng'ambo wamelipigia kelele kwa miaka kadhaa. Huku Tunduru habari hiyo inashangaza kwa sababu nyingine. Nyani wetu hajawahi kuomba ajira. Anajivunia mahindi mwenyewe, na mshahara anajikatia shambani.

3. Nazi zikiadimika, korosho ipo.

Gari la pwani limeharibika njiani, au bei ya nazi imepanda mpaka mtu anaona aibu kuiuliza. Basi loweka korosho mbichi zilizobanguliwa, kikombe kimoja na nusu, kwa saa mbili au tatu. Zisage kwa maji hadi ziwe laini kabisa, uchuje. Hata vipande vilivyovunjika vinafaa, tena ni rahisi. Tui hili halikatiki ovyo kama la nazi, lakini linazidi kuwa zito kadiri linavyochemka, kwa hiyo liongezee maji na ukoroge chini lisishike. Ladha haitakuwa ya Kithai tena. Itakuwa ya Tunduru, na hakuna wa kukushitaki.

4. Ule mzizi.

Wathai wanautumia mzizi unaofanana na tangawizi iliyonenepa, ngozi yake nyeupe yenye pete pete, harufu yake kali ya msituni, kama mti wa msonobari uliokatwa leo. Mbichi hutaupata Nakapanya. Ndugu yake mkavu, khulinjani, hupatikana mijini kwenye maduka ya dawa za Kisunna, ambako watu huununua kwa ajili ya tumbo na kifua. Ukiwa na jamaa anayekuja kutoka Dar es Salaam, mwagize. Hauna uzito, hata kondakta hatautoza. Vipande vinne au vitano vilivyolowekwa kwa nusu saa katika maji ya moto vinatosha. Usitumie uliosagwa: supu itageuka kahawia na kuacha vumbi ulimini.

Ukiukosa, tumia tangawizi, lakini nusu ya kiasi ulichokuwa umekikusudia. Tangawizi ina makelele. Kipande cha urefu wa kidole gumba, kilichokatwa vipande vyembamba, kisisagwe. Ongeza punje sita za pilipili manga zilizopondwa kidogo na kipande cha ganda la ndimu, ile kijani ya juu tu bila nyama nyeupe, maana nyeupe ni chungu. Mchanganyiko huo hauwi khulinjani, ila unafika kijiji cha jirani.

5. Mchaichai upondwe, usikatwekatwe.

Mashina matatu. Kata majani ya juu, yahifadhi kwa chai ya jioni. Lile shina jeupe la chini ndilo lenye mafuta ya harufu. Lipige kwa mchi mara tatu nne mpaka lipasuke, kisha lifunge fundo moja. Fundo ni akiba ya amani ya nyumba: mwisho wa mapishi unaliona, unalichukua kwa kijiko, unalitupa. Anayekatakata mchaichai vipande vidogovidogo atatumia chakula chote cha usiku akichokonoa meno ya wageni wake.

6. Majani sita ya mndimu au mlimau.

Yale machanga, yanayong'aa, ambayo wadudu hawajayatafuna. Chana kila jani katikati, ondoa ule uti, likunje kiganjani hadi linukie. Mti wa Wathai ni mwingine, una tunda lenye ganda la makunyanzi na jani lililogawanyika kama nambari 8, lakini wa kwetu unaitika vizuri. Mwombe jirani mwenye mti kabla ya kuchuma. Nakapanya habari za majani sita hufika sokoni kabla ya wewe mwenyewe.

7. Kuku, na umri wake.

Mapishi ya Kithai yanasema kuku anachemka dakika chache tu. Yanamzungumzia kuku wa kisasa, aliyeishi wiki sita bila kupigana na mtu. Jogoo wa kienyeji aliyekimbia mji mzima na kushinda mbwa mara mbili haivi kwa dakika chache. Ukimfuata mwandishi wa Bangkok, wageni watamaliza taya.

Kwa hiyo: kuku wa kienyeji akishachinjwa na kunyonyolewa, mkate vipande vidogo, umchemshe kwanza kwa maji, chumvi na shina moja la mchaichai, moto wa wastani, saa moja au zaidi kwa jogoo mzee. Maji yakipungua ongeza. Akilainika, maji yabaki kikombe kimoja hivi. Hayo usiyamwage kamwe, ndiyo nguvu ya supu. Nusu kuku inatosha watu wanne. Kuku wa kisasa mkate minofu myembamba kama kidole, mwingize moja kwa moja kwenye tui jepesi. Robo saa inamtosha, akizidi anakuwa pamba.

Kwenye ladha, kwa maoni yangu, wa kienyeji anashinda bila mjadala. Supu ya Wathai imejaa harufu za majani, na kuku dhaifu hupotea humo.

8. Uyoga: hapa mzaha unasimama.

Mvua zikikolea, misitu yetu ya miombo inatoa uyoga mwingi na mtamu, na supu hii inaupenda. Lakini nunua kwa mama unayemjua, anayeuchuma miaka yote na kuula mwenyewe na wanawe. Usijaribu aina usiyoijua kwa sababu ina sura nzuri. Kuchemsha hakuondoi sumu ya uyoga mbaya zaidi. Hadithi za kuweka kitunguu au sarafu sufuriani na kutazama kama zitabadilika rangi ni hadithi tu. Tena sumu hiyo hailipi papo hapo: mtu anaweza kukaa saa 6, 12, hata zaidi akiwa mzima, huku ini lake linaharibika, na anapoanza kutapika siku imeshapita. Ukila uyoga ukaugua, nenda zahanati mara moja na uchukue kipande cha uyoga uliobaki.

Njia salama ni uyoga wa kulimwa, ule wanaouita mamama. Uchane kwa mikono, usiuoshe mpaka ukajaa maji. Na kama haupo, acha. Supu bila uyoga ni supu. Mpishi bila ini ni habari nyingine.

9. Dagaa badala ya ile chupa.

Wathai hawatii chumvi hivi hivi. Wanatumia maji ya samaki, yanayopatikana kwa kupanga samaki wadogo na chumvi ndani ya mapipa na kuwaacha mwaka mzima au zaidi mpaka wote wageuke kimiminika cha rangi ya chai ya rangi. Harufu yake ukifungua chupa inaweza kuvunja undugu. Ikiingia kwenye supu, inatulia na kuacha utamu ambao huwezi kuueleza.

Samaki wanaotumika huko ni wa ukoo uleule wa dagaa mchele wa baharini, wanaoanikwa pwani yetu kuanzia Mafia hadi Kilwa. Hapo ndipo ninapoona chupa haina ulazima. Chukua konzi moja ya dagaa wakavu wa baharini, watoe vichwa kama ni wakubwa, waoshe mchanga. Wakaange kwenye kikaangio kikavu bila mafuta, ukiwageuza, mpaka wakauke na kunukia. Mwaga kikombe kimoja cha maji na kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Chemsha hadi maji yapungue nusu. Chuja kwa kitambaa, ukamue. Utapata maji ya kahawia yenye chumvi kali. Hayo ndiyo chumvi yako. Ukitaka kuyaonja, tia tone moja kwenye wali mtupu, ndipo utaelewa kwa nini Mthai haachi chupa yake.

Dagaa wa Ziwa Nyasa nao wanafaa, ingawa ladha yao ni ya upole zaidi. Ng'onda pia inafaa, kipande kidogo, kwa anayependa supu iseme. Tahadhari mbili: paka wa mtaa mzima atakuja kukusalimu, na aliyekuja kwa kuku asiambiwe habari za dagaa mpaka amalize bakuli.

10. Zamu ya sufuria.

Sasa vitu vyote viko mezani na moto umetulia. Mkaa uwe umeshika vizuri, bila miali. Kwa mafiga, vuta vijinga nje.

Bandika tui jepesi pamoja na kile kikombe cha maji ya kuku. Tia mchaichai, khulinjani au tangawizi, majani ya mndimu. Acha vichemke polepole dakika kumi bila kitu kingine. Hapa ndipo wapishi wengi wa kwetu wanapokosa subira, kwa sababu mkono umezoea kuanza na kitunguu na mafuta, halafu nyanya. Hakuna kitunguu cha kukaanga. Hakuna nyanya. Hakuna bizari wala kipande cha mchuzi cha dukani. Ukivitia, utapata mchuzi wa nazi mzuri sana ambao mama yako anaupika vizuri kuliko wewe.

Harufu ikishapanda hadi jirani akohoe, tia kuku, na baadaye uyoga. Tia vijiko viwili vya maji ya dagaa na kijiko kimoja cha chai cha sukari. Ndiyo, sukari. Haitasikika kama utamu. Inapunguza makali ya ndimu itakayokuja.

Mwisho tui zito. Punguza moto kwanza. Limimine taratibu, huku mkono mwingine unakoroga kwa kuteka kwa upawa na kumimina tena, bila kupumzika, mpaka supu itikisike kwa mapovu madogo pembeni. Basi, epua. Usiiache itokote. Joto likikaribia nyuzi 80, protini za tui huanza kugandamana, na zikishikana zinayaachia mafuta yakimbilie juu. Tui limekatika. Halidhuru mtu, ila supu inaonekana kama imegombana yenyewe kwa yenyewe. Na usifunike sufuria wakati huo, maana mfuniko unazidisha joto kimyakimya wakati wewe umeitwa nje kusalimia.

11. Ndimu ni ya mwisho, sufuria likiwa chini.

Ndimu tatu, zikamuliwe baada ya kuepua. Ukali wake ukikutana na tui linalochemka, linakatika mbele ya macho yako, na ladha yake mbichi inaondoka na mvuke. Onja. Ongeza ndimu au maji ya dagaa mpaka uchachu na chumvi vishindane, kisha tui lisuluhishe. Kwa watu wa supu ya asubuhi hili si geni: nani alishaona ndimu ikichemshwa pamoja na supu ya mbuzi?

Ndimu zikikosekana, loweka ukwaju, uchuje, utie kidogo kidogo. Supu itapata rangi ya udongo lakini ladha haina tatizo. Wathai wanautumia ukwaju sana katika mapishi yao, na mkwaju asili yake ni Afrika. Deni jingine hilo.

12. Pilipili kichaa, kwa adabu.

Tano au sita, zipasuliwe kwa mchi, ziingie mwishoni pamoja na ndimu. Asikutishe mtu kwamba Mthai alizaliwa na pilipili mdomoni. Pilipili hizi zilitoka Amerika, zikasambazwa na Wareno, walewale walioivamia Kilwa mwaka 1505 na mjumbe wao akafika Ayutthaya, mji mkuu wa Siam, mwaka 1511. Kabla ya hapo Mthai alijipatia ukali kwa pilipili manga na tangawizi. Kwa hiyo katika pilipili sisi na wao tuliingia darasa la kwanza pamoja.

Wenye watoto waweke pilipili pembeni kwenye kisahani. Mwenye kujisifu ajitilie mwenyewe, mbele ya mashahidi.

13. Waandae wageni kabla ya kupakua.

Ulichotoa ni mchaichai uliofungwa fundo. Vipande vya mzizi na majani ya mndimu, Wathai huviacha ndani ya bakuli, na kila mlaji anajua kuvisukuma pembeni. Sisi tunafanya hivyo kwenye pilau, ambamo karafuu, mdalasini na hiliki vinakaa pembeni ya sahani hakuna anayeuliza. Lakini kwenye supu nyeupe, jani la kijani linazua maswali, hasa akiwepo mama mkwe.

"Mwanangu, hii ni supu au dawa?"

"Ni supu, mama. Ila majani usiyatafune."

"Sasa umeyatia ya nini?"

"Ya harufu, mama."

"Si yangenukia huko huko jikoni?"

Hapo huna jibu. Kwa hiyo akiwepo mtu mzima wa kuheshimiwa, chuja yote kabla ya kupakua, umwekee minofu mizuri, unyunyize kotimiri iliyokatwa, umpe kwa mikono miwili. Akiongeza bakuli bila kusema neno, umefaulu. Akisema "siku nyingine nipikie ile ya kawaida", nayo ni sifa kwa ile ya kawaida.

14. Iliwe na wali.

Wali mweupe, usiotiwa nazi, kwa sababu nazi imeshatosha. Mthai huteka kijiko cha wali, akakichovya au kukimiminia supu. Ugali unakubali, ule mlaini kidogo, japo supu ni nyepesi na tonge litachuruzika hadi kiwikoni. Chapati nayo inakubali. Mwezi wa Ramadhani supu hii inafaa sana kwenye futari, baada ya tende na uji, kwani haina mafuta ya kukaanga na inafungua tumbo bila kulishtua. Punguza tu pilipili, tumbo lilikuwa halina kitu.

15. Machicha na masalio.

Machicha ya nazi wape kuku waliobaki bandani. Hawana habari ya mwenzao.

Supu yenyewe pika ya kwisha. Tui halilali nje, hasa kwa joto letu la Novemba kabla mvua hazijaanza. Likikaa saa chache linachacha, na uchachu huo mtu anaweza kuudhania ni ndimu. Mwenye friji aipooze, aiweke humo, na kesho aipashe kwa moto mdogo bila kuichemsha. Asiye na friji agawe kwa majirani usiku huohuo, akianza na yule mwenye mndimu. Ikilala nje, asubuhi imwage, hata kama roho inauma.